Mashine ya Kugandisha Tumbo

Mjukuu wangu Jenifer alipofungua kitenge nilishika mdomo. Kando ya kitovu ngozi ilikuwa nyeupe, ngumu kama mshumaa, imezungukwa na malengelenge.

"Haiumi sana, bibi," alisema. Alikuwa anamkingia kaka yake kifua.

Nilimpeleka hospitali. Muuguzi alimshika mkono kwa upole, akaniambia niende nisihofu. Nikaenda saluni kwa Muksini.

Huyo kaka yake, mjukuu wangu Constantine, ni fundi friji hapa Bariadi. Mwaka mzima amekuwa akiunda mashine ya kupunguza tumbo bila kisu. Kikombe kinanyonya nyama, vibao vya baridi vinagandisha mafuta, kisha mwili unayatoa wenyewe taratibu. Muksini, mwenye saluni, alimpa chumba humo, na alishawaita wateja waje Jumamosi.

Niliwakuta wote wawili. Nikauliza, "Mlimwekea nini mtoto mlipoijaribu mashine kwake?"

Constantine aliinamisha kichwa. "Kati ya ngozi na baridi kinatakiwa kitambaa chenye jeli isiyoganda. Vitambaa hivyo viliniishia. Nikaweka pamba, nikailowesha maji."

"Maji yakaganda."

"Yakaganda, bibi. Yakashika ngozi."

Pamba. Nimeilima Lalago mpaka mgongo ukapinda, nikawasomesha wajukuu hawa kwayo.

"Mwangaluka, mayu," Muksini aliniamkia kwa Kisukuma chake cha dukani, akanivutia kiti chenye mto. Nilimshukuru, sikukaa. "Ni kajeraha tu hako. Jumamosi tutaweka taulo nene."

"Umejuaje kama linatosha?"

"Si tutaona."

"Mtaona kwenye tumbo la nani?"

Akakisogeza kile kiti karibu nami zaidi.

"Kwetu aliyepika pombe huonja kwanza mbele ya wageni," nilimwambia. "Asipoonja, hatunywi. Constantine hana hata nyama ya kufinya. Wewe tumbo unalo. Lala hapo."

Alicheka. "Bibi una utani."

"Mimi si mtani wako. Lala."

Akamgeukia Constantine. "Mwambie bibi yako mashine ni salama."

Constantine alichukua taulo, akalikunja mara mbili, akaliweka kitandani. "Panda, kaka. Nakuwekea hilihili la Jumamosi."

Muksini alirudi nyuma, mkono umeshika vifungo vya shati. Hakupanda.

Constantine alimtazama, kisha akachomoa waya ukutani na kuanza kufungua vibao.

"Unafanya nini? Na wateja?"

"Wapigie simu. Waambie fundi alikosea. Usipowapigia nitasimama mlangoni niwaambie mwenyewe."

"Huu ushamba ndio unawarudisha nyuma nyie," Muksini alisema, akatoka akibamiza mlango.

Constantine aliniomba twende pamoja hospitali, akamwombe radhi dada yake. Nilimwambia atangulie. Nampenda mtoto yule, lakini mkono wangu ulikuwa bado unataka kumpiga.