Kadi ya Stovu

"Soma tena," Babu alisema. "Polepole. Unanikimbiza kama mtu aliyeacha maharage motoni."

Macho aliisogeza kadi dirishani, kwenye mwanga. "Stovu. Kwa Kiingereza, S, T, O, V, E. Chombo cha kupikia au cha kupasha nyumba joto. Hutumia kuni, makaa, mafuta ya taa, gesi au umeme."

"Asili yake?"

"Asili hujaniambia, Babu."

"Basi ngoja nimeze mate." Akainamisha kichwa upande kama kuku anayesikiliza mwewe.

Ilikuwa saa saba. Macho alijua bila kuuliza, kwa sababu jua lilikuwa limefika kwenye mguu wa tatu wa meza, na tangu asubuhi alikuwa analitazama linavyotambaa sakafuni. Saa tisa alasiri dirisha la usajili la chuo cha ushonaji lingefungwa. Fomu yake ilikuwa kifuani, ndani ya nguo, imeshaanza kulowa jasho. Aliijaza Jumamosi kwenye meza ya fundi cherehani wa sokoni, na fundi mwenyewe akamwonya: chuo hakimpokei mtu aliyevuka miaka ishirini na moja. "Mwakani usije kunililia hapa, mwanangu. Mwaka huu au basi."

Mwakani angekuwa na ishirini na miwili.

Macho halikuwa jina alilopewa na mama yake. Alipoletwa katika nyumba hii miaka minne iliyopita, aliletwa aoshe vyombo na kufua. Mzee mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alikuwa anaandika kamusi ndogo ya watoto wa shule: maneno ya Kiingereza ya jikoni, maana yake na yalikotoka. Macho yake yalizima kazi ikiwa nusu. Siku moja alimsikia mfanyakazi akisoma kwa sauti maandishi ya pakiti ya sabuni, akamwita. Kuanzia hapo akawa Macho. Darasa lake la saba likatumika mpaka likang'aa.

Kazi yenyewe ilikuwa na sheria moja. Hakuna neno lililoandikwa kabla kitu chenyewe hakijawekwa mbele ya Babu akakishika. Kwa birika, alilikumbatia asubuhi nzima, akimweleza Macho kwamba jina lake la Kiingereza lilianzia kwa Warumi, na kwao lilikuwa bakuli tu, wala halikuwa na mdomo. Kwa sahani, aliizungusha kidoleni akasema jina lake lilitokana na kile kisahani kizito ambacho watu wa kale walishindana kukirusha. "Kwa hiyo ukivunja sahani zangu," akamwambia, "usijitetee kwa historia." Akishika na kuridhika, ndipo aliposema, "Andika." Macho akaandika, akasoma mara tatu, Babu akagonga meza kwa kifundo cha kidole, kadi ikaingia kwenye boksi la viatu.

Yangekuwa maisha mazuri kama lango lingekuwa wazi.

Lango lilifungwa kila asubuhi na Dada, binti wa Babu, alipokwenda kazini. Ufunguo wa pili ulining'inia shingoni mwa Babu, kwa ajili ya dharura. "Kipofu na ufunguo," Babu alikuwa akicheka, "kama kiziwi na redio." Macho alitoka Jumamosi tu, kwenda sokoni na kurudi. Siku nyingine aliijua barabara kwa masikio: muuza maji, mwenye kunoa visu, watoto wa shule wakigombana. Alipomwomba Dada ruhusa ya kwenda kusoma, Dada hakukataa. Dada hakuwa mtu wa kukataa. Alisema, "Kitabu kwanza. Kadi ya mwisho ikiandikwa, uko huru, mdogo wangu, na barua ya kukusifu nitakuandikia mimi." Huo ulikuwa mwaka wa kwanza.

Lakini kadi hazikuisha. Orodha ilikuwa kichwani mwa Babu, na kichwa hakina kurasa za kuhesabu. Mara mbili tatu Macho aliwahi kusema, "Babu, mwiko si tulishauandika?" Babu akajibu, "Usinizeeshe, Macho. Kama upo, utoe." Macho akapekua maboksi yote, asiuone. Akajiona yeye ndiye anayesahau. Kukaa ndani sana, alijiambia, kunaozesha kichwa.

Asubuhi ya leo Dada alisimama mlangoni na mkoba begani. "Baba, limebaki neno gani?"

Babu, mdomo umejaa mkate, hakujiandaa. "Stovu," akasema.

"Moja tu? Basi limalizeni leo, huyu mtoto aende zake." Na kufuli likalia kwenye lango.

Sasa Babu alimeza mate. "Andika. Zamani, huko kwenye nchi za baridi, stovu halikuwa chombo. Lilikuwa chumba. Chumba kizima kilichopashwa moto. Watu waliingia, wakafunga mlango, wakakaa humo na joto mpaka jasho likawatoka."

"Kwa hiyo mtu alikuwa anakaa ndani ya stovu?"

"Ndani kabisa. Baadaye jina likakiacha chumba, likahamia kwenye kile kilichokipasha moto."

Macho aliandika. Kalamu ilikwama kidogo kwenye neno *mlango*. "Na waliokuwa ndani, Babu? Walitoka saa ngapi?"

"Swali gani hilo? Walitoka walipochoka." Babu akajikuna kidevu. "Haya, soma mara tatu tugonge meza."

Macho aliweka kalamu chini. "Hatujalishika."

"Nini?"

"Stovu. Hujalishika, Babu. Lipo stoo, lile la umeme la zamani. Siwezi kulibeba, ila naweza kukupeleka."

"Leo tuache. Mwili unaniuma."

Alikuwa amemhudumia miaka minne, na katika miaka hiyo Babu alikuwa na homa, akateguka nyonga, akafiwa na kaka yake, na hata siku ya msiba aliomba aletewe chujio alishike. Macho alimtazama. Mkono wa mzee ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa meza.

"Sheria ni yako, Babu," akasema taratibu. "Nisije nikaambiwa kesho kadi haihesabiki. Ngoja nilifute vumbi kwanza."

"Macho! Nimesema tuache!"

Alikuwa ameshafika koridoni.

Stovu lilisimama nyuma ya magunia, plati zake nne zimeshika kutu. Dada alipoleta jiko la gesi, hili liliwekwa huku lisubiri fundi ambaye hakuja. Macho alifuta juu, akafuta vitasa, kisha akavuta mlango wa oveni ili Babu apate kuupima uzito wake. Uligoma, ukaachia ghafla.

Ndani kulijaa kadi.

Alizitoa kwa viganja viwili, kama mtu anayechota maji, zikamwagika mapajani. Mwiko. Chujio. Birika. Birika tena, kwa wino wa kijani, ile kalamu ya kijani ya mwaka wa kwanza, wakati herufi zake bado zilikuwa zinalala kama majani yaliyopigwa na upepo. Birika kwa wino wa bluu. Birika kwa wino mweusi, la juzi juzi tu. Sufuria mara nne. Mwandiko wote ulikuwa wake. Alikaa sakafuni akiziangalia, akauona mkono wake mwenyewe ukikua kutoka kadi hadi kadi, na mwili wake palepale.

Fimbo ilisikika ikigonga ukuta wa koridoni. Babu akasimama mlangoni.

"Umefungua," akasema.

"Nimefungua."

"Nilikuwa nazitoa ukianika nguo. Nazihesabu kwa vidole kuanzia mwisho wa boksi." Alisema kama mwanafunzi aliyekamatwa na jibu kiganjani. "Sikuzitupa hata moja. Andika hilo, Macho. Hata moja sikutupa."

Macho hakuandika. "Nilidhani nina wazimu, Babu. Nilikuwa naomba Mungu usiku anirudishie akili."

Mzee alipapasa fremu ya mlango. "Kitabu kikiisha, wewe unakwenda. Ukienda, mwanangu ataniletea redio." Alijaribu kucheka. "Redio haikuulizi swali hata moja."

Hasira ilimjia Macho mpaka masikio yakawa ya moto, na katikati ya hasira hiyo kulikuwa na huruma, ndogo, ya kukera, kama changarawe kwenye wali. Angependa kuitema. Aliinuka, akaushika mkono wa mzee, akauweka juu ya plati ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu, ya nne, kisha kwenye vitasa, kisha ndani ya oveni tupu.

"Umelishika?"

"Nimelishika."

Akaenda kuichukua kadi mezani, akarudi, akaisoma mara tatu akiwa wima. Babu hakuwa na meza ya kugonga. Aligonga stovu. Likalia kama debe.

"Ufunguo, Babu."

Babu alivua kamba shingoni, ikamnasa sikioni, Macho akamnasua. Ilikuwa imebaki saa moja na dakika chache. Chuo kilikuwa mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu yake. Alifika langoni, akafungua kufuli, na hapo ndipo alipotanabahi. Dada angerudi saa kumi na moja. Lango likibaki wazi, mzee angetoka akagongwe na gari. Likifungwa, sasa yeye ndiye angekuwa amemfungia mzee.

"Unaniacha peke yangu?" sauti ilitoka barazani. Haikuwa ya kulalamika. Ilikuwa ya kuuliza tu.

Macho alirudi akachukua viatu vya mzee. "Inua mguu."

Babu alikuwa hajapita lile lango kwa miaka mitatu. Alitembea kama mtu anayeingia majini, akinyoosha unyayo kwanza. Kila hatua alitaka kushika kitu. "Hili ni bati? La duka lile la vinywaji?"

"Duka lilishabomolewa, Babu. Twende."

"Na nguzo hii?"

"Nguzo ni nguzo. Twende!"

Dakika ishirini na tano zikawa arobaini, zikapita. Mara moja alitaka kuuachia ule mkono akimbie. Aliyaona kabisa mapaja yake yakikimbia. Mkono wa mzee ulikuwa mkavu na mwepesi, nao ulimbana kwa nguvu ambayo hakuwahi kuijua wakati wa kushika vyombo.

Walipofika kwenye barabara ya lami, fundi viatu aliyekaa ukingoni aliinua kichwa. "We binti, unamburuta mzee hivyo, kwani amekula chako?"

"Saa ngapi, kaka?"

"Saa tisa kasoro dakika sita."

Chuo kilikuwa ng'ambo. Uzio, bango, lango la mbao mbili. Mlinzi alikuwa ameshasukuma ubao mmoja, anafuta mikono, anaangalia huku na huku. Magari yalipita bila pengo, lori, basi, lori, na pengo likitokea lilikuwa la mtu mmoja mwenye miguu ya kukimbia, si la watu wawili na fimbo.

"Muache hapa," fundi viatu akasema, akakisogeza kigoda chake kwa mguu. "Simli mimi. Meno yenyewe sina."

Macho alimgeukia Babu. "Babu, utakaa?"

Upepo wa basi ulimpeperushia mzee shati, naye akageuza uso kuelekea mlio wake, kama anayetaka kujua lina ukubwa gani. Kisha ndani ya kiganja chake Macho akahisi vidole vinalegea. Gumba kwanza. Halafu cha shahada, halafu viwili vya kati kwa pamoja. Kikabaki kile kidogo, kimejikunja kwenye kidole chake, na ng'ambo ya barabara mlinzi akaushika ubao wa pili.