Mayai Mchangani

Akelo alikuwa ameshajitwisha ndoo na kuanza kupanda njia aliposikia maji yakipasuka nyuma yake. Aligeuka. Wifi yake, Agutu, aliyekuwa ameinama akisuuza sufuria, mkono wake wa kulia ulikuwa umemezwa hadi kwenye kiwiko na mdomo mrefu wa rangi ya tope.

"Wifi, nishike!"

Ndoo ilianguka. Akelo alimkumbatia Agutu kiunoni, akakita visigino mchangani, akavuta. Mamba naye akavuta. Akelo alihisi mchanga ukiteleza chini ya miguu yake, maji yakampanda magotini, kisha mapajani. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mayala, mvuvi aliyekuwa karibu akitengeneza nyavu, alikuja mbio na kasia, akampiga mnyama yule puani mara nyingi hadi akaachia.

Agutu alivushwa siku hiyohiyo kwa kivuko cha Kamanga kwenda hospitali Mwanza, mkono umefungwa kwa kanga mbili na damu bado inapenya.

Kiangazi hicho cha mwaka 1982 Agutu hakuwa wa kwanza. Mwezi mmoja nyuma, binti wa Odeta, jirani yao, alikwenda kuchota maji asirudi. Walichoona ni kata tu, inaelea. Baada ya Agutu, kijiji kizima kiliogopa ziwa. Wanawake walichota maji ya dimbwi la ng'ombe, watoto wakaanza kuharisha, na bado hakuna aliyethubutu kushuka ufukweni. Akelo alikuwa akishtuka hata akisikia maji yakimiminwa kwenye mtungi.

Wiki iliyofuata alifika bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori, kijana wa Kihaya aitwaye Gosbert, na bunduki yake begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umechelewa."

"Najua, mama. Nionyeshe mahali penyewe."

Akelo alitembea nyuma yake kwa woga, akiangalia kila tete lililotikisika. Nyuma ya matete Gosbert alipiga magoti, akafukua mchanga kwa mikono. Yakatokea mayai meupe, makubwa kuliko ya bata, zaidi ya thelathini. Hatua chache mbele akafukua mengine. Kisha mengine tena. Alisimama akatazama ufukwe wote.

"Mama, hapa kenge wako wapi?"

"Kenge?"

"Popote penye mamba huwa kuna kenge. Mamba jike akisogea kidogo tu, kenge anachimbua na kula mayai. Kwa hiyo mamba wanaokua huwa wachache. Hapa sioni hata alama ya mkia mmoja."

Akelo alikumbuka. Miaka kadhaa nyuma, mwaka mmoja baada ya kuhamishiwa kijiji hiki cha ujamaa, yeye ndiye aliyepewa kusimamia mradi wa kuku wa akina mama. Kenge waliiba vifaranga kila siku. Akasimama mkutanoni akataka wauawe wote, na watu wakampigia makofi. Wanaume walitoka na mbwa na mikuki. Yeye mwenyewe alimwaga maji ya moto kwenye mashimo yao. Kwa misimu miwili wakaisha.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyewamaliza."

"Hukujua, mama."

"Na Odeta nimwambie hivyo? Kwamba sikujua?"

Gosbert alijipangusa mchanga mikononi, akashika bunduki. Jioni hiyo aliua mamba wawili, akasema wazi kwamba hawezi kulipiga risasi ziwa zima. Akawaambia wakusanye mayai ya msimu ule, wazungushie miti pale pa kuchotea, na wasimguse tena kenge yeyote atakayekuja.

Kwenye mkutano wa kijiji Akelo alisimama tena. Aliwaeleza yote, tangu mashimo ya kenge hadi mayai mchangani, akimtazama Odeta. Odeta alisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka. Asubuhi alionekana ufukweni na shoka, akichonga miti pamoja na wanaume. Akelo alipomkaribia, Odeta alisema tu, "Shika huku."

Agutu alirudi baada ya miezi miwili. Vidole vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena. Siku ya kwanza ya kuchota ndani ya uzio, yeye na Akelo waliingia maji yakiwafika kwenye vifundo vya miguu, wakasimama. Nje ya uzio kitu kilijisugua taratibu kwenye miti, magome yakalia, kikapita.

"Ni gogo," alisema Agutu.

"Chota haraka," alisema Akelo.

Wakachota bila kuinua macho, kila mmoja akisikia mwenzake anavyohema.