Msusi na Mama wa Sindano

Msusi alikuwa amechoka hata kueleza kwamba amechoka. Tangu usichana, kila mwezi tumbo lilimsokota kama nguo inayokamuliwa, maumivu yakashuka mpaka mapajani. Wakubwa walisema ni mambo ya kike, yatakwisha akiolewa. Akaolewa, hayakwisha. Wakasema yatakwisha akizaa. Mtoto hakuja. Mwishowe daktari alimpasua kidogo, akachungulia ndani, akayapa jina: endometriosisi. Nyama inayofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi ilikuwa imeota nje, pasipo pake. Akapewa vidonge. Vilituliza nusu, nusu nyingine akabaki nayo.

Saluni aliiendesha na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Msusi akijikunja kwenye benchi, wifi ndiye aliyemalizia vichwa vya watu.

"Tumbo la wifi yangu hata likizo halichukui," aliwaambia wateja, nao wakacheka. Msusi naye alicheka, maana kununa kungemchosha.

Mteja mmoja aliwatajia tiba ya sindano za Kichina. Msusi akaamua kwenda, na wifi akaandamana naye, eti asije akaibiwa mchana kweupe.

Chumba kilinuka majani yaliyoungua. Mtabibu, mwanamke wa makamo ambaye wagonjwa walimwita Mama wa Sindano, alimpima msusi mapigo, akamtazama ulimi, kisha akasema bila kupamba:

"Sindano haziondoi ugonjwa huu. Wengine maumivu yanapungua, wengine hawaoni kitu. Vidonge vya daktari usiache."

"Sasa tumefuata nini hapa?" wifi akauliza.

"Tujaribu. Lala hapo, mama."

Sindano zilikuwa nyembamba kama unywele. Zikaingia kwenye vifundo vya miguu, chini ya magoti, tumboni. Kisha Mama wa Sindano akawasha msokoto wa majani makavu, akaushikilia juu ya kitovu ili joto lishuke taratibu.

"Maumivu yakija, yanakuwaje?" akauliza.

Msusi akaeleza, macho yakiwa darini. Alivyojifungia chooni akauma taulo, wateja wasimsikie. Alivyotapika, akasukutua, akarudi kushika kitana. Alisema yote kwa sauti ya mtu anayesoma bei za sokoni, na kabla hajamaliza usingizi ukamchukua.

Wifi alibaki kwenye kiti, akimtazama alivyolala.

Walipotoka, barabarani, wifi akasema, "Wifi, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unawachekesha watu."

Wifi akamtwaa mkoba begani, akaubeba yeye.

Walirudi tena na tena. Miezi mingine maumivu yalikuja kwa adabu, mingine yakaja na ukali wao wa zamani. Kama ni sindano, vidonge au kule kulala tu, hakuna aliyejua, na msusi hakuwa na nguvu ya kubishana.

Asubuhi moja, kichwa cha mteja kikiwa kimesukwa nusu, msusi akashika ukuta. Wifi akamtoa kitana mkononi.

"Nenda kalale."

"Kuna nini? Mimi nina haraka," mteja akalalamika.

"Anaumwa," wifi akasema, na hakuongeza mzaha wowote. "Nitamalizia mimi. Ukiona nachelewa, uje kesho."

Msusi akajilaza kwenye mkeka wa stoo, kati ya madumu ya shampuu. Akalia kidogo. Kisha, maumivu yakiwa bado yapo, akasinzia.