Fundi Anaozesha

Fundi cherehani alikuwa amechoshwa na harufu. Nyuma ya chumba chake cha kushonea, mtaa mzima ulimwaga maganda na makombo, na wateja walipimwa nguo huku wamebana pua. Wengine hawakurudi hata kuchukua walichoshonewa. Mambo yakiendelea hivi, alijua, cherehani itabaki pambo la chumba.

Akachimba shimo, akajifunza kuozesha taka za jikoni ziwe mboji, akaita mkutano. Akaja kinyozi peke yake. Akaita wa pili. Akaja kinyozi yule yule, akakaa mbele, akiitikia kila neno kwa kichwa.

"Kijana huyu anapenda mbolea jamani!" fundi akamwambia bintiye. Binti akainamia vifungo alivyokuwa akishona.

Kwa mkutano wa tatu akaandika bango. Mwanamke huyu hukata kitambaa bila kupoteza hata kiraka, lakini karatasi ilimshinda. Alianza na herufi kubwa mno, mstari ukajaa kabla ya neno "taka". "Watanielewa tu," akasema, akalibandika ukutani: JUMAMOSI FUNDI ANAOZESHA. KARIBUNI NYOTE.

Wakamwelewa, tena vizuri sana.

Jumamosi asubuhi mlangoni hapakutosha. Watu wamependeza, vigelegele vinapigwa, masufuria yanapita juu ya vichwa na magunia ya viazi migongoni. Mbele yao wote shangazi wa binti, amefura kwa hasira.

"Wifi! Mtoto wa kaka yangu anaolewa, nami nisome ukutani kama mpita njia?"

"Nani anaolewa?"

"Si umeandika unaozesha?"

Fundi akalitazama bango upya. Akisema ukweli watarudi makwao, na jaa litabaki pale pale. Leo mtaa mzima uko mlangoni kwake, tena na visu mkononi! Hakudanganya, ila ukweli aliuchelewesha kidogo.

"Karibuni! Menyeni, lakini ganda lisianguke chini. Yote shimoni, kisha majani makavu juu yake, halafu maganda tena."

Wakamenya wakiimba. Shangazi akaona aibu harusi kufanyika penye uvundo, akaamuru jaa lote nalo lizolewe liingie shimoni, akimfokea kila aliyechanganya mifuko ya plastiki. Walipomaliza, fundi alivuta pumzi ndefu, akasikia harufu ya vitunguu tu. Karibu alie kwa furaha.

"Haya, bwana harusi yuko wapi?" shangazi akauliza.

"Ndugu zangu," fundi akaanza, "nilichokuwa naozesha..."

Hapo akaingia kinyozi na gunia la nywele, macho mekundu.

"Mama, ulisema nywele nazo zinaoza. Nimezileta. Naomba niende zangu."

"Mbona unalia, mwanangu? Mbolea yenyewe inakwenda vizuri!"

"Mama, mikutano yote nimekuja. Kwani nilifuata maganda?"

Binti, kisu cha viazi bado mkononi, akaangua kicheko.

"Mimi nilishajua," akasema. "Mama ndiye alikuwa hajui."

Shangazi akampima kijana kwa macho, juu mpaka chini. "Mwaga hizo nywele, kisha kawaite wazazi wako."

Mboji ilipoiva, nyeusi na laini, majirani wakaja na ndoo kuchota ya bustani zao. Siku hiyo, mahari ya binti ikiwa imekwisha kupokelewa, fundi alilitoa bango lake la zamani mvunguni, akalipangusa vumbi, akalibandika tena pale pale ukutani. Hakuongeza hata neno.