Kapi la Ghorofa ya Nne

Mume wangu Elimringi hamwamini mtu na mzigo wake, na hilo ndilo lililotaka kuniacha mjane saa nne asubuhi, katikati ya Kariakoo, watu wakiangalia.

Lifti ya jengo ilikuwa imekufa. Stoo yetu ya vitenge iko ghorofa ya nne, kwa hiyo marobota tunayapandisha kwa nje, kwa kamba inayopita kwenye kapi lililofungwa juu ya roshani. Makuli wanavuta kutoka chini huku wakiimba. Mtu mmoja hupanda juu ya robota ili alisukume lisikwaruze ukuta. Kwa wafanyabiashara wengine mtu huyo ni kuli. Kwetu, tangu robota moja lifike juu limechanwa, ni Elimringi mwenyewe, tena amejifunga nalo kwa mkanda.

Mimi nilikuwa juu, nasubiri kupokea. Chini, Mrisho, kiongozi wa makuli, akaanza: "Mama kapika!" Wenzake wakaitikia, "Tule!" na kila "Tule" kamba ikavutwa.

Alipofika ghorofa ya tatu upepo ukapita kati ya majengo. Robota likaenda kushoto kidogo, likarudi kulia. Elimringi akanikonyeza. Lakini likaenda tena, mbali zaidi, likarudi mbali zaidi, na upepo ulikuwa umeshapita. Kushoto kulikuwa na vyuma vya viyoyozi vya jirani, vimechongoka. Kulia, nyaya za umeme.

Nani anamsukuma?

Halafu nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Gurudumu la kapi lilikuwa halizunguki kabisa. Nilimwambia mwanamume huyu anunue grisi. Yeye akalipaka mafuta yaliyochoka ya muuza chipsi, kwa kuwa ni ya bure, na yakaganda kama gundi. Sasa kamba ya nailoni ilikuwa inaburuzika juu ya chuma, na msuguano unaipasha moto. Niligusa kapi, ngozi ya kidole ikabaki pale. Kamba ilikuwa imeanza kulainika.

"Acheni!" nikapiga kelele. Nani atasikia Kariakoo? Na hata wangesikia, kuli haachi wimbo mzigo ukiwa hewani. Wimbo ndio unaoiweka mikono pamoja. Ukikatika, huyu anavuta, yule anaachia, na mzigo unakuja chini wote.

"Theopista!" Elimringi akaita. Siku zote huniita Mama Anaeli. Nikajua naye ameogopa.

Ndipo nikaona. Kila robota likipita katikati, "Tule!" Likirudi na kupita tena, "Tule!" Utotoni kule Marangu tulikuwa tunabembea tumesimama: ukifika pembeni unachuchumaa, ukipita chini unainuka, na bembea inazidi kupaa mpaka unalia. Makuli walikuwa wanamwinua mume wangu pale pale pa kuinukia. Wimbo ndio uliokuwa unambembeza. Na mtoto akitaka bembea itulie hufanya kinyume: akipita chini, anachuchumaa.

Nikachukua beseni la bati, nikaligonga kwenye chuma cha roshani kama kichaa. Mrisho akainua macho.

"Mama kapika!" nikaimba kwa sauti yao ile ile, na Elimringi alipopita katikati nikashusha mkono: "Shusha!"

Mrisho akanikodolea macho. Kiatu cha Elimringi kikapita karibu sana na waya. Nikaimba tena, nikashusha mkono tena. Safari hii Mrisho akaitikia kwa nguvu, "Shusha!" na wenzake wakalegeza kamba kidogo, wakaishika.

Nikamwagia kapi maji ya kudekia yaliyokuwa kwenye ndoo. Likachemka, mvuke ukanipiga usoni. Nikaimba. Mama kapika, shusha. Kila alipopita katikati alishuka kidogo na kuyumba kwake kukapungua kidogo. Nilikuwa nalia na kuimba kwa pamoja, na maji kwenye ndoo yakaisha kabla hajafika chini. Nikaendelea kuimba huku naitazama kamba ikitoa moshi.

Robota lilipogusa lami, nilishuka ngazi mbio. Elimringi alikuwa amekaa juu yake, mkanda bado kiunoni, mwili unakwenda kushoto na kulia ingawa hakuna kinachombembeza tena.

"Vitenge vimelowa?" akaniuliza.

"Bosi, haya mengine mawili vipi?" Mrisho akauliza kwa upole.

"Tunaendelea," mume wangu akasema. "Kapi nitalipaka mafuta mengine." Na mikono yake ikaanza kuukaza upya ule mkanda.

Kisu cha kufungulia marobota hakitoki kiunoni mwangu. Nikaukata mkanda. Halafu nikaikata na kamba, hapa, na pale, na pale, mpaka hakikubaki kipande cha kufungia hata mbuzi.

Marobota yote matatu tuliyafungua pale pale barabarani, tukayapandisha kwa ngazi kitenge kwa kitenge. Elimringi alibeba akiwa nyuma yangu, na kila tulipofika kwenye kona ya ngazi nilisimama kusikiliza kama bado anakuja.