Viti vya Mama Ngalula

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na sitafuti wa kugawana naye.

Symphorien, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuwa amekubaliwa kwenye chuo kikuu kipya cha Élisabethville. Karo hatukuwa nayo. Bila bursi, yaani msaada wa chuo, angerudi Mitwaba kulima mihogo. Tukaambiwa mzungu wa chuo atapita kwetu Katuba aone tunavyoishi.

Nikacheka. Wazungu wa kupita nyumbani niliwajua. Mwaka uliotangulia niliomba kadi ya waliostaarabika. Wakaja, wakafungua kabati, wakakuta tunakula kwa mikono, wakaninyima. Safari hii hawanipati. Nikazunguka mtaa: kwa Mama Ngalula nikaazima viti vyenye mito, kwa Adalbert fundi cherehani gramafoni, kwa katekista uma na visu.

Germaine, mjane wa kaka, akatazama vitu vikiingia.

"Shemeji, unaoa?"

"Ngoja, utaona."

Mzungu alikuwa kijana, jasho tupu. Akajikalia kwenye mto wa Mama Ngalula, akanywa chai, akaisifu gramafoni. Kisha akaifunga kalamu yake.

"Bwana Godefroid, unaishi vizuri. Bursi ni ya maskini."

Symphorien akainamisha kichwa. Mimi nikaanza kueleza kwamba vitu si vyetu, nikawa nasikika kama mwizi. Bahati nzuri, au mbaya, Mama Ngalula akatokea mlangoni.

"Godefroid, bageni bangu bamefika. Lete viti."

Mzungu akasimama, kiti kikaenda zake.

"Kumbe mmenidanganya," akasema, masikio mekundu. "Chuo hakisaidii waongo."

"Si uongo, Bwana, ni heshima ya mgeni."

"Ni uongo."

Tukavutana hivyo, yeye anatafuta kofia, mimi nimeishikilia. Symphorien alipata bursi yake, na leo koti analovaa si la kuazima. Lakini kazi hiyo hakuifanya baba yake mdogo. Aliifanya Germaine, aliyekusanya uma zote za katekista na kuziweka mbele ya yule kijana, taratibu, kama anayemwandalia chakula.

"Bwana, mwaka jana mulimunyima uyu kadi juu hatukuwa na uma. Leo munanyima mutoto masomo juu tuko nazo. Basi utuambie wewe: muntu mweusi anapashwa kuwa na uma ngapi?"