Kidonge cha Blásida Kwenye Kinu

Asubuhi ile Blásida alimwita mumewe, Wilfrido, kwa jina la Anselmo, na Anselmo ni kaka yake Blásida aliyezikwa miaka kumi iliyopita. Siku ya tatu sasa mkewe anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu, mdomo umemkauka, uso umemwiva, na katika joto lote lile la Caazapá hatoki hata tone la jasho.

"Ni uzee, baba," alisema binti yao, Nidia. "Mama nitamchukua kwangu mjini Asunción."

Miaka arobaini na minne wamekunywa tereré, chai ya majani kwa maji baridi, kwenye kikombe kimoja, Wilfrido na Blásida. Hiyo nyumba angebaki nayo ya nini?

Kwanza wakampeleka zahanati. Daktari Ovelar alimpima, kisha akauliza dawa anazotumia. Nidia akatoa vidonge vya kibofu alivyoandikiwa mama wiki iliyopita, maana haja ndogo ilikuwa haimpi nafasi hata ya kumaliza misa.

"Anavimeza mwenyewe?"

"Vilikuwa vinamkwama kooni," Wilfrido alisema kwa fahari. "Basi tangu juzi navitwanga kwenye kinu, pamoja na majani ya tereré. Vinakuwa unga laini kabisa!"

Wema mwingine bwana! Daktari aliweka kalamu chini.

"Mzee, umetwanga kidonge?"

"Kwani kwetu hapa dawa gani haitwangwi?"

"Hii! Imetengenezwa iingie mwilini polepole mpaka kesho yake. Ukiitwanga, ya siku nzima inamwingia kwa mkupuo mmoja. Kidonge hiki kinamezwa kizima, kwa maji. Kikimkwama, njoo uniulize mimi, usiulize kinu."

"Kwa hiyo si uzee?"

"Sidhani. Dawa tunaisimamisha, na analala hapa tumwangalie."

Wilfrido alilia mbele za watu, aibu na furaha pamoja, wala hakujifuta.

Siku mbili alikaa kando ya kitanda. Asubuhi ya tatu Blásida alifumbua macho, akamkagua kutoka juu mpaka chini.

"We Wilfrido, ndiyo shati gani hilo? Na kuku wangu wamekula?"

"Umesemaje?"

"Kuku!"

"Hapana, kabla ya hapo."

"Wilfrido! Umekuwa kiziwi?"

Akasema ndiyo, amekuwa kiziwi, hebu amwite tena.